Jiji Lililo Nyuma ya Mlima wa Kengele

Saa kumi alasiri ya London ilikuwa saa sita usiku ya Tokyo, na Jumatano hiyo Mzee Sadrudin alikuwa amevaa shati lake la Idi tangu mchana. Gakii, mhudumu wake, alipoingia kumpa dawa alimkuta ameegemeza tableti kwenye birika la chai, pua ikikaribia kugusa kioo.

"Njoo, binti, njoo! Wanafungua."

Kwenye kioo mamia ya Wajapani walikuwa wamejipanga nje ya duka, wengine wamevaa majoho ya wasafiri. Walikuwa wanangoja sehemu ya saba na ya mwisho ya *Mlima wa Kengele*, gemu la hadithi ambamo mchezaji huwa mmoja wa watu wa hadithi yenyewe, akatembea nao, akazeeka nao. Walikuwa wameingoja miaka tisa. Mlango ulipofunguliwa, mtu mzima mwenye tai alitoka amekumbatia boksi lake huku analia, na Mzee Sadrudin, mwenye miaka sabini na minane, akapiga makofi.

"Muone anavyolia! Na mimi ningelia, ila nitamwaga dawa yako ya macho."

Alikuwa fundi redio Mwanza, kisha mwenye duka la televisheni karibu na stesheni ya Rayners Lane, hapa London. Zamani mteja mmoja alileta mashine ya gemu itengenezwe, asirudi kuichukua. Mzee aliiwasha kuijaribu, akakaa mbele yake miaka thelathini. Marehemu mkewe alikuwa akikaa kando anafuma, akimkanya, "Usipite huko, huko kuna majitu." Sehemu ya sita ilikuwa imeishia langoni: wasafiri wanalisukuma lango la mlima, mwanga unatokea, basi. Nyuma ya mlima kulikuwa na jiji lililosimuliwa tangu sehemu ya kwanza, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kuliona.

Jicho la kushoto la Mzee lilikuwa limezimwa na presha ya macho siku nyingi. La kulia lilibaki na kidirisha kidogo katikati, na daktari hakujua kingedumu hadi lini.

"Mimi nataka nilione hilo jiji tu," alisema. "Nikishaliona, wakitaka wazime taa."

Toleo la Kiingereza lingetoka Machi. La Kijapani alikuwa ameliagiza, lingefika Jumatatu.

"Lakini Kijapani, binti! Naona kama kuku kapita na miguu ya tope. Nitampata wapi wa kunisomea?"

Gakii alikuwa anahesabu vidonge. "Mimi nilikisoma kidogo," alisema, kana kwamba anaviambia vidonge.

Hicho kidogo kilikuwa miaka minne ya chuo kikuu na shahada ya daraja la kwanza. Alikuwa ameletwa Hayes, pembeni mwa London, kutoka Meru akiwa na miaka kumi na miwili, amfuate mama yake, Teresia, aliyekuwa muuguzi. Shuleni alijificha maktaba, na huko akakuta lugha ambayo ungeweza kuishi nayo miaka ukiandika tu bila kufungua mdomo. Walipompeleka Osaka kwa mwaka mmoja, kila siku alikula kwenye mgahawa uleule, kwa sababu ulikuwa na mashine: unabonyeza picha ya chakula, unapata tiketi, husemi na mtu. Alirudi anasoma riwaya nzima za Kijapani. Kwenye usaili wa kazi ya ukalimani alinyamaza hadi wakamletea maji. Ndipo Teresia akamwambia, "Fanya hii ya kuhudumia wazee, kwa muda tu." Muda huo sasa ulikuwa mwaka wa tatu.

"Miaka miwili unanikandia chapati," Mzee alisema, "kumbe umeficha Kijapani! Nyinyi Wakenya nyinyi. Jumatatu tunaanza."

"Nipe muda kidogo, Mzee. Nijiandae."

Diski ilifika Jumatatu kama ilivyoahidiwa, ikawekwa juu ya televisheni ndani ya nailoni yake. Mzee alikataa isifunguliwe. Mwalimu ndiye atakayefungua, alisema, na akawa akimwita Gakii Mwalimu hata anapoomba chumvi.

Gakii alinunua daftari. Watu wa gemu lile walisema Kijapani cha kale, cha makasisi na askari, na kwenye mtandao mashabiki walikuwa wameanza kuweka mazungumzo ya watu hao. Aliyanakili kila usiku na kutafuta neno la Kiswahili la kila cheo, kila kiapo, kila tusi. Hakutaka akwame mbele ya Mzee. Alijiona tayari: Mzee anasubiri, yeye anafunguafungua kamusi, kimya kinajaa sebule.

"Daftari limeiva?" Mzee aliuliza wiki ya pili.

"Bado kidogo."

"Tuonje hivyohivyo, mbichi."

"Nikikosea nitakuharibia hadithi, Mzee."

Wiki ya nne Gakii alithubutu kusema jambo ambalo baadaye angelirudia peke yake ndani ya basi, akafumba macho kwa aibu. Alisema, "Si tungoje tu toleo la Kiingereza? Machi si mbali."

Mzee aligeuza uso, amtafute kwa kile kidirisha chake. "Haya, Mwalimu," alisema. "Wewe ndiye unajua."

Wiki ya saba daftari lilikwisha. Siku hiyo mlango ulifunguliwa na Najla, binti wa Mzee, aliyezaliwa hapahapa na aliyesikia Kiswahili chote lakini akajibu kwa Kiingereza. Alisema presha ya jicho la kulia ilipanda Ijumaa. Walimpasua Jumamosi. Jicho lenyewe liliokolewa, kuona hapana.

Mzee alikuwa kitini pake, ameelekea televisheni iliyozimwa.

"Nani? Mwalimu? Daftari limeiva?"

Gakii alivuta kamasi.

"Usinililie, nimeshaliliwa tangu juzi. Washa."

Alichana nailoni. Vidole vyake vilikuwa vizito kwenye vitufe, akamgongesha msafiri kwenye nguzo mara mbili, na Mzee, akisikia kishindo, akacheka. Lango lilifunguka. Askari akasema jambo, na Gakii akalitoa kwa Kiswahili bila kutazama daftari, na kasisi naye, na mwanamke muuza taa. Yote yalikuja. Wala hayakuwa magumu kama alivyoogopa.

Kisha wale watu wakanyamaza, wakapanda ngazi, na jiji likatokea.

"Wamenyamaza," Mzee alisema. "Wameliona, sio?"

"Ndiyo."

"Likoje?"

Daftari lilikuwa na kila neno lililosemwa na mtu katika jiji lile. Lenyewe lile jiji halikuwamo.

"Kubwa," Gakii alisema. "Kuna mapaa... mapaa mengi. Mekundu."

"Nyekundu ya namna gani?"

"Nyekundu tu. Kama... Kuna maji katikati. Yanang'aa."

Mzee alisogeza sikio. Mikono yake ilikuwa imeshika kiti.

"Unajua, mwanangu," alisema mwishowe, taratibu, bila ukali wowote, "maneno ungenidanganya tu. Ungesema lolote. Mimi ningejuaje? Nilitaka mtu wa kubonyeza tu, mimi nilione."

Gakii alitaka kuomba radhi, akaona neno alilo nalo ni dogo.

"Basi, zima kwa leo," Mzee alisema. "Kesho endelea. Lakini unisimulie watu tu. Miji iache."

Kwa hiyo kila jioni baada ya zamu yake Gakii alibaki nusu saa akimsimulia watu. Alisoma upesi sasa, akikosea na kujisahihisha, na Mzee alibishana na wafalme na kuwatukana wasaliti kwa Kikachi cha babu zake na Kiswahili. Kila walipofika mahali pa kutazamwa tu, Gakii alinyamaza, akabonyeza, wakapita. Mzee naye alingoja kimya kile kiishe, kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo aendelee na maneno yake.

Jioni moja Mzee alisahau sharti lake.

"Wamefika wapi?" aliuliza.

Mbele ya Gakii kulikuwa na ziwa, na alfajiri, na ndege weupe wasio na hesabu wakiinuka.

"Wamefika kwa yule muuza taa," alisema, akabonyeza.