Nilimwambia Ainue Mkono wa Kushoto

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na nimemfukuza shuleni mtoto mwenye akili kunishinda. Nimekosa! Nitukaneni mkitaka, lakini someni kwanza.

Jina langu sitaji. Shule iko hapa Busia, upande wa Kenya, karibu na barabara ya malori. Darasa langu la gredi ya tisa lilikuwa mchanganyiko: Wateso, Waluhya wa Matayos, Wajaluo, watoto wa madereva, na wengine wanaovuka kutoka Uganda kila asubuhi. Kila mmoja alikuja na namna yake ya kukokotoa. Mimi niliona huo ni usumbufu. Nilitaka njia moja tu, yangu.

Basi nikaligawa darasa. Mbele wanaojua, nyuma wasiojua. Safu ya nyuma nikaibatiza Budalang'i, kule kwenye mafuriko kila mwaka, eti kwa sababu kazi yao ni kuzama. Darasa likacheka. Nilipenda sana wakicheka, mjinga mimi!

Nafula hakucheka. Yeye alitoka Budalang'i kwelikweli. Mto ulibeba nyumba yao, mama yake akahamia mjini kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Katika mtihani wake wa kwanza kwangu alipata majibu yote, lakini hakutumia hata kanuni moja niliyofundisha. Kila swali alikuwa ameandika vihesabu vyake vya ajabu pembeni. Nilivikata vyote kwa kalamu nyekundu.

"Umeangalizia nani?" nikamuuliza.

"Sijaangalizia, Mwalimu. Nimefikiria tu."

"Peleka hiyo fikira yako nyuma."

Akaenda. Mwaka mzima nilimwacha huko.

Halafu nikaitwa kwenye usaili wa kupandishwa cheo. Nilitakiwa niandike falsafa yangu ya kufundisha watoto wa aina mbalimbali, kisha nifundishe mbele ya mkaguzi. Loo, niliandika! "Kila mtoto ana mlango wake wa kuingilia katika hesabu, na kazi ya mwalimu ni kuutafuta." Nikaichapisha kwa rangi. Uongo mtupu, na nilijua ni uongo.

Siku moja kabla ya mkaguzi kuja, niliwapa watoto amri. Nikiuliza swali, wote wainue mikono. Wa mbele wainue wa kulia, Budalang'i wainue wa kushoto, nisije nikamchagua asiyejua. Walimu wenzangu, msijifanye mmeshtuka. Mbinu hiyo mnaijua.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mpole wa miwani. Kipindi kilikwenda vizuri mpaka alipoomba kuuliza swali lake mwenyewe. Bomba moja linajaza tangi kwa saa tatu, la pili kwa saa sita. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya saa ngapi?

Mikono yote ikapanda, si nilishaamuru? Nikachagua wa kulia. "Saa tisa." Nikachagua mwingine. "Saa nne na nusu." Jasho likaanza kunitoka. Mkaguzi akamnyooshea Nafula kidole.

"Huyo bado anajifunza, madam," nikasema.

"Wacha ajaribu."

Nafula akasimama. "Kwa masaa sita, bomba ya kwanza inajaza tangi mbili. Ya pili inajaza moja. Hiyo ni tangi tatu kwa masaa sita. Tangi moja ni masaa mawili."

Hakuandika chochote, hakutumia kanuni. Mkaguzi akatabasamu. "Vizuri sana. Kwa nini mwalimu hakukuchagua?"

"Si nimenyanyua ya kushoto? Sisi Budalang'i hunyanyua ya kushoto. Ni ya wenye hawajui."

Mkaguzi hakunigombeza. Alifungua faili, akausoma ule mstari wangu wa mlango, polepole, mbele ya watoto. Cheo kikaenda hivyo.

Hapo ningemwomba mtoto msamaha. Lakini hasira! Mkaguzi alipotoka tu langoni, nilirudi darasani nikamwambia Nafula achukue vitabu vyake, asirudi bila mzazi.

Mama yake alikuja naye kesho yake, bado amevaa aproni ya sokoni.

"Mwalimu, ulimwambia anyanyue kushoto, akanyanyua. Sasa makosa yake ni gani?"

Nikamtukana. Nikamwambia watu wa mafuriko wamezoea kuwaletea wenzao shida.

"Maji ilibeba nyumba yetu, Mwalimu. Lakini haikutucheka."

Akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Nimekwenda sokoni mara tatu kumbembeleza arudi. Mama husema, "Kwako hapana." Nafula anapanga omena kwenye beseni, hata hanitazami. Hasomi! Yule mtoto hasomi, na ni mimi!

Wewe mwalimu unayeita watoto majina ili darasa licheke, endelea tu. Utakuja kuniambia. Na wewe mzazi unayesema mwalimu hakosei, amka, umuulize mtoto wako anaketi wapi na kwa nini.

Wiki iliyopita niliuliza darasa swali rahisi kabisa, la mtoto wa gredi ya nne. Walinitazama wote, wa mbele na wa nyuma. Nikarudia swali. Hakuna aliyeinua mkono, si wa kulia wala wa kushoto.