Kanzu Zimenyooka, Kompyuta Imewaka

Jamani, leo Ijumaa ploti yetu nzima ya wapangaji imezima pasi kwa ajili yangu!

Ile kompyuta niliyoachiwa na kaka imezeeka. Mfumo wake wa zamani hautengenezwi tena, na ukurasa wa masomo yangu ya Jumatatu ulikataa kufunguka. Fundi aliitazama akacheka: "Dada, hii wekea mlango usipigwe na upepo."

Sikukubali. Nikatafuta Linux, mfumo wa bure, nikautia kwenye flashi.

Lakini betri imekufa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ndiyo basi tena. Na hapa kwetu Chaani, pasi moja ikichomekwa tu, swichi kuu ya ploti inaanguka, umeme unakatika kote.

Nikapita mlango kwa mlango, mtoto mgongoni, nikiwaomba wasipige pasi. Siku ya kanzu!

Wakakubali. Nikaanza kuuingiza ule mfumo.

Karibu imalize, nikasikia harufu ya nguo iliyopata moto.

Nikatoka mbio. Bi Rukia, jirani yangu, anapiga pasi!

"Bi Rukia, wallahi umenimaliza!"

"Tulia, mwanangu. Hii ya mkaa. Nimeitoa uvunguni kwa ajili yako, na wote wameniletea mimi kanzu zao."

Nikamkumbatia na jasho lake lote.

Kurudi ndani, kompyuta imewaka. Ukurasa wa masomo umefunguka! Mimi nalia, mtoto ananicheka.

Wanaume wetu wameenda msikitini wamenyooka, nami Jumatatu naingia darasani, inshallah.

Haya niambieni: fundi nimtumie picha, ama nimsitiri?