Siku Mama Mkwe Alipotoa Mkono

Siku nilipoipata ile app nilicheka peke yangu. Mimi ni fundi wa viti vya sofa huku Mashimoni, Kibera, lakini mambo ya simu hayanipiti. App yenyewe inathibitisha kwamba watu wawili wamekutana ana kwa ana: mnagusanisha simu, kila mmoja anabonyeza yake kwa wakati mmoja, na ushahidi unaingia kwenye blockchain, yaani unanakiliwa kwenye kompyuta nyingi kiasi kwamba hata shetani hawezi kuufuta.

Niliihitaji. Mke wangu, aliye kazini Uarabuni, alikuwa ameapa kwamba akirudi hatakanyaga kwangu. Mama yake alivunjika mguu huko Kawangware, na mtu akamnong'oneza mke wangu kwamba sijawahi kumtembelea mama huyo. Uongo mtupu! Kila Jumapili nilikwenda. Ila kwetu Magharibi mwa Kenya mkwe haketi na mama mkwe, sembuse kumshika mkono, basi nilikuwa naacha unga na mboga kwa jirani, nikimsalimia mama kupitia ukuta wa mabati. Mama alijaribu kunitetea, mke wangu akadhani ananisitiri tu.

"Hata mtu wa boda anaweza kupeleka unga," aliniambia. "Nionyeshe mmekutana."

Haya! Jumapili nilitoka Kibera mbio, moyo unadunda kwa furaha. Nikasimama mlangoni, pazia katikati, nikamweleza mama. Akaweka simu yake kwenye kigoda, jirani akakisukuma hadi kizingitini. Nikaigusisha yangu, nikabonyeza. Ikakataa. Ilitaka sote wawili tubonyeze simu zikiwa zimegusana. Mimi na ujuaji wangu wote sikuwa nimelifikiria hilo.

"Sasa hii kitu inataka tushikane?" mama aliuliza.

"Karibu hivyo, mama. Wacha tu."

Nikaona ndoa yangu inakwenda na maji. Kisha pazia likasogea, ukatoka mkono uliofungwa leso, kidole gumba tu kikiwa wazi. Nikageuza uso kwa heshima, nikagusisha simu yangu na yake, tukabonyeza pamoja. Simu zikalia pamoja! Nilipiga kelele hadi jirani akatoka na mwiko.

Nikamtumia mke wangu ushahidi na kumweleza ilivyokuwa, naye akapiga papo hapo. Nilijiandaa kusifiwa kwa utaalamu, lakini blockchain hakuigusia kabisa.

"Mama ametoa mkono?" alisema polepole. "Kwako?"

Kabla sijajibu, sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Mwambie nimetoa mwenyewe. Na mwambie ajipange arudi kwake Mashimoni."

Nikaketi pale kizingitini, nikalia mbele za watu.