Moshi Mtamu wa Shianda

Juzi mume wangu alinikuta nikitazama tena sinema ya mji unaoteketea. "Kwani huchokangi na hizi takataka?" Nilicheka, lakini mawazo yalikuwa yamesharudi Shianda, kijijini nilikokulia.

Siku moja, nikiwa bado msichana wa shule, nilitoroka mazoezi ya kwaya, nikabanana na wenzangu katika kibanda cha video cha mabati. Volkano ilikuwa ikimeza mji, na dijei aliyeitafsiri sinema kwa Kiswahili akipaza sauti kuishinda jenereta. Kisha harufu ya sukari iliyoungua ikapenya kwenye matundu ya mabati. Nilidhani sinema kubwa hutoa hata harufu. Nikawa napiga makofi kila ghorofa ilipoanguka.

Nilipotoka, majivu ya miwa yalikuwa yakianguka barabarani. Nilimkuta baba kando ya shamba letu, ameshika tawi bichi la kuzimia moto. Miwa yetu iliyokomaa ilikuwa imebaki mashina meusi.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwaya, baba."

Akanipangusa jivu kwenye nywele. "Mliimba vizuri?"

Sinema hizi ni mbovu, najua. Ila ndani yake kila baba huwahi kuokoa nyumba yake, nami humngoja mpaka afike.