Nitapimaje kalori kwenye sinia la mama mkwe?

Admin, jina langu lifiche. Mtaa waweza kuusema, ni Thamesmead, hapa London, tuko wengi huku, hawatanijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, mzaliwa wa Tanga, nimeolewa, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Mtoto sina. Tumehangaika miaka mingi, mpaka mwaka jana hospitali wakatupima wote wawili. Mume wangu mbegu zake ni chache, mimi uzito wangu uko juu. Wakasema tutasaidiwa kupandikiza mimba, ila kwanza nishuke chini ya kiwango chao, na nishuke mapema kwa sababu umri nao unakimbia. Nafasi hiyo ikinipita, hela ya kulipia wenyewe hatuna.

Nikapelekwa kwa mtaalamu wa lishe, mama wa Kihindi aliyekulia Nairobi, Kiswahili anakimwaga vizuri tu. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshajipangia kalori mia nane kwa siku, nimezitoa mtandaoni, najiona shujaa. Akanitazama.

"Hiyo ni chakula ya mtoto, dada. Wewe unasimama shifti nzima unainua watu. Utapungua kidogo, halafu utarudisha yote na nyongeza."

Akaniuliza urefu, uzito, umri, kazi, akapiga hesabu zake. Kwangu mimi ikaja kama elfu moja na mia nane. Akasema kiwango sahihi ni kile ninachoweza kuishi nacho mwaka mzima bila kulala na njaa. Nikafuata. Wali nikaupima kwa kikombe, mchicha nusu sahani, samaki kipande. Jamani, nilianza kushuka. Suruali ya kazini ikawa inataka mkanda. Nilikuwa nashiba na napungua, sikuwahi kujua kwamba inawezekana.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea, viza ya miezi sita.

Niseme ukweli, si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshamaliza mambo siku nyingi, mdomo ninao. Aliponiona tu pale uwanja wa ndege alinikumbatia, akanishika mkono akaupima kwa vidole, akasema, "Mwanangu, umekwisha. Mwili hauna nguvu, hiyo mimba itashika wapi?" Kuanzia siku ile jiko ni lake. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage ya nazi, na Jumamosi mume wangu anampeleka sokoni Peckham kuongeza makopo ya tui. Kila jioni chakula kinapakuliwa kwenye sinia, tunakaa chini watatu, tunakula. Minofu yote anaisukuma upande wangu. "Hiyo yako, usiniangushe."

Sasa niambieni, kikombe nakiingiza wapi hapo? Nimekula matonge mangapi, tui kiasi gani, nani ajuaye? Siku moja nikaomba kwa adabu zote nipakuliwe kwenye sahani yangu. Asubuhi mume wangu akaniambia, "Mama amelia. Anasema umemwona mchafu." Kwetu mtu haondoi mkono wake kwenye sinia bila ugomvi, hilo nalijua tangu utoto. Nikamwomba radhi, nikarudi kwenye sinia.

Nikabuni ujanja wangu, ujanja wa kijinga. Nikasema mchana sili kitu, kalori zote nizitunzie sinia. Kazini nikawa naishi kwa chai kavu. Siku moja nasukuma kiti cha mzee mmoja, kizunguzungu kikanishika mpaka nikakaa sakafuni, bosi akanirudisha nyumbani. Na jioni, kwa ile njaa, hata kusukumiwa minofu sikuhitaji, niliifuata mwenyewe. Uzito ukapanda tena. Yule mtaalamu akaniambia, "Namba yako haina makosa, dada. Ongea na watu wako wa nyumbani."

Nikaongea na mume wangu. Nikamwambia tumweleze mama kila kitu, hospitali, uzito, yote. Akainama.

"Mke wangu, nakuomba. Akijua shida iko kwangu pia, uso wangu nitauweka wapi? Vumilia, ataondoka."

Ataondoka, ndiyo, lakini baada ya siku yangu ya kupimwa uzito hospitali. Na tukikaa kwenye sinia mume wangu anakula macho yapo kwenye simu, utadhani yeye ni mjumbe tu wa kuleta maneno ya mama. Hilo linaniuma kuliko uzito wenyewe.

Juzi Jumatatu nilitoka kazini mapema, nikamkuta mama jikoni anapika, chumvi ya mchuzi haonji. Nikamuuliza kama anaumwa. Akacheka kidogo.

"Nimefunga. Tangu nifike nafunga Jumatatu na Alhamisi, namwomba Mungu akupe mtoto. Sikutaka ujue."

Magharibi ilipoingia akaniita tufuturu pamoja. Nikakaa. Nikala kila alichonisogezea, machozi yananitoka, na yeye akanifuta kwa khanga yake akidhani ni furaha.

Kupimwa ni mwezi ujao. Nikisema, hata ya uzito wangu tu, mama atauliza mpaka mwisho, namvua nguo mume wangu mbele ya mama yake. Nikinyamaza, nafasi yangu ya kuzaa naila mwenyewe tonge kwa tonge, na anayenilisha anaiombea. Wa kuniandikia "vumilia" asijisumbue, hilo nimeshaambiwa. Nataka mtu aniambie maneno gani niyatamke, na niyatamke mbele ya nani.

Nijibuni leo, ndugu zangu. Kesho ni Alhamisi.