Siku ya Kusomwa Eliakim

Wanawake waliokuja kutupa pole kwenye fleti yetu ya New Hope, huku Marekani, Februari ile ya 1997, walimsema sana Haika. Baba yake mzazi amefariki Moshi, na yeye anapiga pasi sare zake za kazi ya kutunza wazee na kuuliza nani aongezewe chai. Mimi nilikuwa nakaa naye mwaka wa pili, na nilitamani kuwafukuza wote na viatu vyao vya theluji. Sikuwafukuza. Nilichukua chupa nikaongeza chai.

Kwenda kuzika hakuweza. Visa yake ya masomo ilikuwa imekwisha muda, akitoka Marekani harudi. Kwa hiyo ndugu zake walimwachia kazi moja tu ya msiba ule, mstari wa kwanza wa historia ya marehemu.

Anayeijua misiba ya kwetu anaelewa. Kabla jeneza halijatolewa kanisani, historia ya marehemu husomwa mbele ya watu wote, na huanza na kuzaliwa kwake: mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Baba yake Haika, Eliakim, alikuwa chotara. Mama yake, Bibi Manka, alimzaa na Mwingereza msimamizi wa shamba la kahawa, ambaye alirudi kwao mtoto hajaota meno. Bibi alisema mtu huyo aliitwa Walter Francis, na akataja kijiji kimoja cha jimbo la Dorset, Uingereza, ambacho bwana yule alikuwa akikililia akishalewa. Wajomba walisema jina hilo amelitunga. Wakamlea mtoto vizuri tu, wakampa jina la pili la babu yake mzaa mama, Nahashon.

Hakuna aliyemtukana. Lakini kwenye kila msiba, historia ilipoanza kusomwa, Eliakim alitoka nje akasimama karibu na tangi la maji mpaka imalizike. Alipoanza kuugua alimpigia Haika simu.

"Mwanangu, wewe uko kwa Wazungu. Nitafutie huyo mtu, na baba yake. Siku yangu na mimi nisomwe kama watu."

Mimi sipendi kufukua mambo ya wafu, na nilimwambia. Haika akanitazama kama hajanisikia. Kila akiwa hana zamu alikwenda kwenye maktaba ya kanisa moja la Wamarekani, upande wa kusini wa jiji huko karibu na Burnsville, ambako vitabu vya makanisa ya Uingereza vilivyopigwa picha kwenye mikanda ya filamu huletwa ukiagiza, na unavisoma kwenye mashine yenye taa. Mwaka mzima ulipotea bure. Kwetu jina la pili ni la baba, basi yeye akatafuta mwanamume aitwaye Francis mwenye mtoto Walter. Akawapata akina Francis wa kila aina, mseremala, mlevi, shemasi, na hakuna hata mmoja mwenye Walter. Mwishowe Mama Lund, bibi wa kujitolea pale maktaba, alimweleza kwamba kwa Waingereza Francis inaweza kuwa jina la ukoo mzima. Haika akaagiza mkanda mwingine, wa ubatizo wa kijiji kile cha Dorset.

Mkanda ulifika wiki ile ile aliyofariki baba yake. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi akaniambia, "Nipeleke, halafu unishushe kazini."

Barabara ilikuwa barafu tupu, niliendesha nikisali. Yeye alikula chapati baridi njia nzima na nadhani mpaka leo hajui kama aliila.

Aliuzungusha mkanda taratibu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nilipoliona jina kabla hajasema neno. Mwaka 1898, Walter. Kwenye nafasi ya wazazi palikuwa na jina moja, Keziah Francis, na pembeni mwandiko wa mchungaji ukieleza kwamba ni mtumishi wa nyumbani, hajaolewa. Jina la baba halikuwepo.

"Kwa hiyo Francis ni la upande wa mama," nikasema.

"Kama la baba yangu," akajibu.

Mama Lund alikuja akamshika bega, akampongeza kwa kumpata mtu wake. Haika akamshukuru vizuri, kwa sauti ile anayowajibu nayo wazee kazini.

Tulirudi nyumbani kwanza, akampigia mdogo wake Nestor. Kule ilikuwa usiku na karatasi za ibada zilikuwa zinasubiri kuchapwa. Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika.

"Andika," Haika akasema. "Eliakim, mtoto wa Walter Francis, mjukuu wa Keziah Francis."

"Dada, Keziah si mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Na baba yake Walter?"

"Hayumo. Walter naye hakuwa na baba."

Tukawa tunasikia watu wa msibani wakiimba nyuma ya Nestor.

"Basi alijua inavyokuwa," akasema.

"Alijua."

"Akamwacha baba hivyo hivyo."

"Akamwacha."

"Mtu kama huyo tumtaje kanisani? Acha tuseme mtoto wa Manka, yaishe."

"Baba hakuniomba yaishe. Aliomba asomwe. Kesho hatumsomi Walter, Nestor, tunamsoma baba."

Nestor akasema sawa, akamwomba amtajie jina la Keziah herufi moja moja. Haika akamtajia, akakata simu, akavaa sare.

Nikampeleka mpaka mlangoni kwa wale wazee wake. Akafungua mkanda wa kiti na kuniambia kwamba alipokuwa hamjui Walter alimwonea huruma, sasa anamchukia, na kwamba angeambiwa arudie angemtafuta tena. Kisha akashuka, akaingia kazini.