Wiki Nne za Kupasua Maputo na Kusikiliza Kuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa helmeti iliyonizidi kichwa, reflekta ya rangi ya chungwa, na pakiti ya maputo hamsini. Nasema na ninyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili: mnadhani uhandisi unaanza na kompyuta. Sisi tuliokula vumbi la saiti tunajua unaanza na mapafu. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimepuliza maputo ishirini na midomo imekufa ganzi.

"Shangazi, kwani kuna sherehe gani?"

"Hapa kazini mimi siyo shangazi. Ni mhandisi."

"Mhandisi shangazi, kuna sherehe gani?"

Akaniangalia vile dada wa baba anavyokuangalia akitaka kukukana. Halafu akaniambia niendelee kupuliza.

Nimestaafu Ijumaa iliyopita, baada ya likizo nzima ya Juni nikiwa kazini, na Jumatatu narudi kidato cha tatu. Kuna watakaosema wiki nne hazitoshi mtu kuandika kumbukumbu. Wao walipuliza maputo mangapi?

Kazi nilipata hivi. Shuleni kwetu kiongozi wa darasa ana daftari la wapiga kelele, na tangu kidato cha kwanza jina langu, Kabula, halijawahi kukosekana humo. Baba alipoitwa kwa mara ya tatu, alimpigia dada yake simu mbele yangu. "Wewe si ndiyo unashughulika na kelele? Njoo uchukue moja hapa nyumbani." Kesho yake asubuhi nikatoka Buzuruga nikiwa mtumishi.

Shangazi anapima sauti kwenye majengo. Kuna shirika moja lilikuwa linamalizia ofisi ya ghorofa tatu upande wa Ilemela, mahali ambapo ukisimama dirishani unaliona ziwa lote, na walitaka liwe jengo lenye afya. Mimi nilidhani jengo lenye afya ni lile lisilo na popo. Kumbe kuna kitabu cha viwango: hewa, mwanga, maji, na sauti. Mtu anayeshinda ndani ya kelele anachoka mapema, anakosea kazi, anarudi nyumbani anagombana na watoto wasiohusika. Kwenye sauti kuna mambo matatu ya kupima: chumba chenyewe kina utulivu kiasi gani, mwangwi unakaa muda gani, na ukuta unazuia nini. Bila sahihi ya Shangazi hakuna kuhamia.

Aliyekuwa akiisubiri sahihi hiyo kuliko wote ni Nesi Bhoke, muuguzi wa wafanyakazi wa shirika hilo. Alikuja siku yangu ya pili, mama mrefu wa Mara asiyejua kuzungukazunguka kwenye maneno. Alipita kwenye marumaru bila kuziangalia, akaenda moja kwa moja chumba namba saba, chumba chake, akagonga ukuta kwa kidole.

"Mhandisi, mimi kapeti sitaki, na kiyoyozi sitaki. Nataka ukuta."

Akatusimulia. Ofisi yao ya zamani ilikuwa nyumba iliyogawanywa kwa mbao nyembamba. Dereva mmoja alimweleza ugonjwa wake saa tatu asubuhi. Kwenye chai ya saa nne, jamaa wa stoo akawa anampa pole na kumshauri dawa ya mizizi. Dereva hakurudi tena kwa nesi. Dawa alizokuwa anaendelea nazo akaziacha.

"Namfuata mpaka kwake Buhongwa, ananikimbia mimi," alisema. "Amesema akiona ukuta wa kweli, atarudi. Kama huu ni kama ule, mwambieni bosi mimi sihami."



Kituo changu cha kwanza kilikuwa ukumbi wa mikutano, ghorofa ya chini. Huko ndiko maputo yalikokwenda. Unapasua puto, mlio unazunguka ukumbini, na kipima sauti kinahesabu sekunde mpaka mlio ufifie. Muda huo ndio wanaouita muda wa mwangwi. Ukumbi ule ulikuwa vioo na marumaru tupu, mwangwi ulikaa kama mgeni aliyeshaaga akabaki mlangoni anapiga stori. Nilipasua la kwanza, la pili, mpaka la sita, nikifurahia kazi yangu. Shangazi akageuza kioo cha mashine upande wangu.

"Kilima hiki ni puto. Na hiki kinachofuata ni nini?"

Nikakitazama kile kilima cha pili. Kila puto lilikuwa nacho.

"Ni mimi, nacheka."

"Maputo sita?"

"Yote yalichekesha, mhandisi."

Tukarudia yote. Akaniwekea sheria: nikiharibu kipimo mara tatu, narudishwa kwa baba. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Mafundi baadaye walifunika ukuta mmoja kwa mbao za matundu zilizojazwa sufu ya mawe nyuma, ile inayofanana na pamba ila inawasha ukiishika, na mwangwi ukajifunza kuaga.

Kisha nikahamishiwa nyuma ya jengo, kituo cha jenereta. Mwanza mnaijua, huwezi kujenga choo bila kukutana na jiwe. Nyuma pale kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yetu, na mkandarasi alikuwa ameweka jenereta katikati ya jiwe na jengo. Likiwashwa, mlio unapiga jiwe, unarudi, unaingia madirishani. Na madirisha yale yamewekwa yafunguliwe ili upepo wa ziwa upite.

"Wafunge madirisha," alisema mkandarasi, mzee mwenye kitambi na kalamu tatu mfukoni.

"Wakifunga watakosa hewa. Nitawapa utulivu wa kaburini?"

"Sasa mhandisi, jiwe limekaa hapo tangu Mungu anaumba dunia. Limekosa nini?"

"Jiwe halina kosa. Mwenye kosa ni aliyeliwekea jenereta mlangoni."

Wakalihamishia jenereta upande wa pili wa jiwe lilelile, na jiwe likawa ukuta wetu wa bure. Ni hapo nilipoharibu kipimo cha pili. Dagaa walikuwa wameanikwa jirani, paka wawili wakawa wanagombea, na mimi nikawa natangaza mchezo kama niko redioni. Kila kitu kiliingia kwenye mashine, pamoja na matokeo.

Kwa hiyo nilipofika kituo cha tatu, yaani vyumba vya ghorofa ya pili, nilikuwa mtumishi aliyebakiwa na nafasi moja.

Kuta hupimwa hivi: spika inawekwa chumba kimoja inamwaga mlio wa shshsh kama mvua kwenye bati, nawe unakaa chumba cha pili na kipima sauti kuona kinachopenya. Huwezi kupima kila ukuta, unapima michache kwa niaba ya mingine. Mkandarasi akatutangulia na funguo. "Chumba namba mbili na namba tatu hivi hapa, mhandisi. Kuta zote ni za aina moja." Tukapima. Ukuta ukafaulu vizuri kabisa. Shangazi akaanza kuandika ripoti siku hiyohiyo, na shirika likatangaziwa kuhamia Jumatatu. Nesi Bhoke alituletea sato wa kukaanga kwa furaha.

Kilichobaki ni kipimo chepesi: utulivu wa chumba namba saba. Unakaa ndani, mlango umefungwa, dakika kumi, bila kusogea wala kusema, mashine inarekodi. Shangazi akabaki chini na ripoti yake, akanituma peke yangu. Kwa mtu wa daftari la wapiga kelele, hizo si dakika. Ni kifungo.

Nikakaa. Nikahesabu vigae vya sakafu. Dakika ya nne, nikasikia mtu mzima anakohoa, kile kikohozi cha kusafisha koo baada ya chai. Nilimjua: Mzee Magesa, mlinzi, Mkerewe wa Ukerewe kwenyewe. Na mimi nimelelewa. Mkubwa akitokea, kinywa kinafanya kazi chenyewe bila kuomba ruhusa kichwani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu."

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Na masomo?"

"Tuko likizo, babu. Za kwako?"

"Nzuri tu, mgongo ndiyo unanisumbua. Mpe salamu bibi yako."

"Zimefika."

Nikarudi kuhesabu vigae. Nilifika cha kumi na moja ndipo nikajiuliza nimemwamkia mtu gani, maana chumbani niko peke yangu. Na wakati uleule upande wa pili nikasikia: "Mjukuu, kwani wewe uko wapi?"

Alikuwa chumba namba nane. Katikati yetu kulikuwa na ukuta.

Tusidanganyane. Nilichofikiria kwanza hakikuwa nesi. Nilifikiria kipimo cha tatu, na baba akinipokea mlangoni. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Ningefuta, ningekaa dakika kumi nyingine nikiwa nimejiziba mdomo kwa kitambaa, Shangazi angeweka sahihi, kila mtu angekula sato. Halafu nikamwona yule dereva nisiyemjua, amekaa pale kwenye kiti, anaeleza ugonjwa wake, na Mzee Magesa anaitikia pole upande wa pili.

Nikateremka na mashine mikononi.

"Mhandisi, nimeharibu kipimo."

"Cha ngapi?"

"Cha tatu. Ila sikiliza kwanza, ndiyo unifukuze."

Akasikiliza mpaka kwenye mgongo wa mzee. Hakucheka.

"Huyu anayekuitikia amekaa wapi?"

"Namba nane."

"Mlango wa nane ulikuwa wazi?"

"Umefungwa. Na wangu pia."

Akasimama, akachukua ngazi ya fundi, akapanda chumba namba saba, akasukuma kigae kimoja cha dari. Nikapanda nyuma yake. Mle juu ungeweza kucheza mpira. Ukuta ulikuwa umeishia kwenye dari. Juu yake hakuna kitu, uwazi mtupu kutoka namba saba mpaka mwisho wa korido. Sauti ilikuwa inapanda, inavuka, inashuka, bila hata kubisha hodi. Tukaenda kuchungulia namba mbili na tatu. Huko ukuta ulipanda mpaka kwenye zege, umezibwa na kusiribwa vizuri kama wa benki.

Mkandarasi akaitwa.

"Mhandisi, juu ya dari hakai mtu," alisema. "Mafundi wangu wote wanaishia hapo. Ndivyo tulivyozoea."

"Hakai mtu, sawa. Na namba mbili na tatu wanakaa nani huko juu?"

Mkandarasi akahamisha kalamu moja kutoka mfukoni kwenda sikioni, akairudisha mfukoni.

"Zile nilizipandisha kwa ajili ya kipimo," alisema, kwa sauti ambayo hata namba nane wasingeisikia.

Nilitegemea Shangazi amwakie. Lakini alikaa kwenye ndoo ya rangi, akachana ripoti yake vipande vinne. "Kosa nusu ni langu," alisema. "Nilimwachia mwanafunzi achague maswali ya mtihani wake." Kisha akampigia mkubwa wa shirika kumwambia Jumatatu hawahami. Nilimsikia akisema neno "hapana" mara tano, kila moja kwa adabu zaidi ya lililopita.

Baadaye, mkandarasi alipoondoka, nikamuuliza kama nafasi yangu imeisha.

"Ulipewa kazi ya kukaa kimya, ukashindwa," alisema. "Chukua helmeti, kesho saa moja."

Mafundi walipandisha kuta zote mpaka kwenye zege, wakashindilia sufu ya mawe, wakaziba kila tundu la bomba na waya. Ilichukua zaidi ya wiki. Kupima tena, Shangazi alikuja na utaratibu mpya ambao mpaka leo anautumia: namba za vyumba vyote kwenye vikaratasi, vikaratasi ndani ya helmeti yangu, mimi nachomoa nimefumba macho. Mkandarasi alisimama pembeni akitokwa jasho kama mimi kwenye hesabu. Vyote vilivyochomolewa vilifaulu. Namba saba hatukuichomoa. Hiyo ilipimwa bila kubahatisha.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Nesi Bhoke hakutaka kuona karatasi za vipimo. Alitaka ushahidi wake. Akaingia namba saba na Shangazi, akafunga mlango, mimi nikawekwa namba nane.

"Nitamwambia shangazi yako jambo moja linalokuhusu wewe," alisema kabla ya kufunga. "Kwa sauti ya kawaida. Ukilisikia, sihami."

Mnajua mimi ni mtu wa namna gani. Siri ya mtu huniwasha kama ile sufu, sembuse siri yangu mwenyewe. Nilibandika sikio ukutani, nikaziba la pili kwa kidole. Nikahamia kwenye soketi ya umeme. Nikalala sakafuni nikasikiliza pembeni. Nikapanda juu ya meza. Nilisikia ziwa kwa mbali, na moyo wangu. Mzee Magesa aliyekuwa akinitazama kutoka mlangoni aliuliza kama nimedondosha kitu.

Walipotoka, Shangazi alikuwa anafuta machozi ya kicheko na Nesi anajinyoosha gauni.

"Haya, nimesema nini?"

"Sijui."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, nesi. Na nimejitahidi."

Akanishika bega, akatoa simu, na kabla hajafika kwenye ngazi nilimsikia akimwambia mtu wa Buhongwa aje Jumatatu, chumba namba saba.

Nimemuuliza Shangazi mara tisa tangu siku hiyo. Anasema ya chumbani kwa nesi ni ya chumbani kwa nesi. Jumatatu narudi darasani, na jina langu litarudi kwenye daftari, sijidanganyi. Lakini katika maisha yangu yote kuna jambo moja tu nililolitafuta kwa masikio yote mawili nikalikosa, na nimestaafu nikiwa na furaha kwa sababu sikulisikia.